Dada Mkubwa Aingia kwa Mlango wa Mbele

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza wageni katika jumba letu la makumbusho, mwenzetu tunayemwita Dada Mkubwa anastaafu rasmi. Ziara yake ya mwisho aliiongoza Alhamisi iliyopita asubuhi. Mwandishi wa wasifu huu alikuwepo tangu getini hadi ukumbini, roho mkononi, funguo kiunoni.

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa uchangamfu, maana wasifu wa mstaafu si taarifa ya ajali. Nitajitahidi. Lakini mnanijua. Mimi ni mshika funguo wa jumba hili, ndiye mnayeniita Bwana Wasiwasi, na jina hilo nimelitolea jasho. Ndiye ninayefunga mlango, nikafika kituo cha basi, kisha nikarudi kuutikisa nione kama kweli umefungika. Sasa nimepewa kazi ya kumwandika mtu ambaye miaka yote hiyo ametembea kinyumenyume mbele ya macho yangu, akivuka vizingiti vya mawe huku amewaelekea wageni, hana habari na kilichoko nyuma yake. Mkiona mahali maandishi yanatetemeka, sababu mnayo.

Dada Mkubwa hakuja hapa kuongoza wageni. Alikuja kukata tiketi, kushika nafasi ya mwenzetu aliyekuwa likizo ya uzazi. Siku moja mwongozaji wa zamu aliamka sauti imemkauka, na kundi la mahujaji wazee lilikuwa limeshashuka kwenye basi. Bosi wa wakati ule aliangaza huku na huku, akamwona msichana wa tiketi, akamwambia wewe si unayasikia maelezo haya kila siku hapo dirishani, haya, waongoze. Msichana aliingiwa na hofu hata hakuthubutu kuwapa wageni mgongo. Alidhani akigeuka tu, watamkimbia. Basi akawakazia macho na kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka ua wa mbele hadi chumba cha vitabu vya kale, akateremka kwenye makaburi ya waasisi, akapanda tena mpaka ukumbini, anasimulia huku meno yakigongana. Walipomaliza, wale wazee walimshika mikono mmoja mmoja. Walimwambia hawajawahi kuelezwa jambo na mtu anayewatazama namna ile. Dirisha la tiketi halikumpata tena.

Kilichoanza kama woga kikawa ndio mtindo wetu. Leo kila mwongozaji mpya hapa hufundishwa kutembea kinyumenyume, na wageni wengi wanaamini ni desturi ya tangu enzi za waasisi. Sijawahi kuwarekebisha. Lakini wengine wote huchungulia nyuma kidogo wanapokaribia ngazi. Dada Mkubwa hakuchungulia. Yeye alikuwa amefunga hadithi yake na miguu yake pamoja. Akisema "hapa wajenzi walipita pekupeku," ujue kisigino kimegusa kizingiti cha chumba cha vitabu. Akifika kwenye habari za mafuriko, yuko ngazi ya kwanza ya kuteremkia makaburini, na maji ya hadithi yanapanda kadiri yeye anavyoshuka. Ukimkatiza kwa swali, anasimama papo hapo, anakujibu vizuri kabisa, kisha anairudia ile sentensi tangu mwanzo, ndipo mguu unaendelea. Wageni walidhani ni madoido. Mimi nilijua ni usalama, na kila muulizaji maswali nilimchukia kwa siri.

Mtindo huo ulimfuata hadi nyumbani. Kwenye harusi ya binti yake, yule ambaye sasa ni nesi, Dada Mkubwa alipewa heshima ya kuwakaribisha wakwe ukumbini. Akawakaribisha kama anavyokaribisha watu hapa, uso kwao, maneno matamu, anarudi nyuma taratibu huku akiwaonyesha mapambo ya kushoto na kulia. Hadithi ya ukumbi ule hakuwa nayo, kwa hiyo miguu haikuwa na cha kuiongoza. Alikwenda kukalia meza ya keki. Bahati keki ilikuwa bado jikoni. Mumewe, shemeji yetu fundi saa, mpaka leo akitaka kumnyamazisha mkewe humuuliza tu kama ameangalia meza iko wapi.

Wapo watakaomkumbuka kwa siku ile umeme ulipokatika wakati wanafunzi wa shule ya msingi wakiwa chini makaburini. Mimi nilikuwa juu na tochi isiyo na betri, jambo ambalo halijajirudia tangu siku hiyo. Nilisikia kelele moja ya watoto, kisha kimya, kisha sauti ya Dada Mkubwa ikiendelea na mafuriko kutoka pale pale ilipoachia, kwa mwendo ule ule. Aliwaambia kila mmoja ashike shati la mwenzake, naye akapanda ngazi mgongo ukiwa mbele, giza totoro, anasimulia maji yanavyopungua. Walipotoka juani watoto walikuwa wanataka kurudia. Waliokuwa wanalia ni walimu wao.

Na wapo watakaomkumbuka kwa mgeni mkubwa aliyekuja na wapambe wenye suti nyeusi. Mheshimiwa yule tangu ua wa mbele hakuinua macho kwenye simu yake. Walipofika kwenye mlango mkubwa wa ukumbi, Dada Mkubwa alisimama mbele yake na kukaa kimya. Mimi nilikuwa nimeshaingiza ufunguo. Akaniashiria nisizungushe. Wapambe wakatazamana, Mkurugenzi wa enzi hizo akalowa jasho, nami kichwani nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuacha kazi kabla sijafukuzwa. Mheshimiwa aliposhangaa kwa nini hatusogei, aliinua uso. Dada Mkubwa akamwomba kwa adabu zote atie simu mfukoni, maana ndani kuna kitu ambacho kinataka macho yote mawili. Akaitia. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, na alimpa kila mmoja wetu mkono, hata mimi.

Kitu chenyewe mnakifahamu, ila jarida hili husomwa na wengine, kwa hiyo nieleze. Jumba letu lilijengwa kuwa nyumba ya ibada, na ingawa leo lina tiketi na kamba za kuzuia watu, bado wapo wanaovua viatu ukumbini bila kuambiwa. Mwisho wa ukumbi, kutoka sakafuni hadi kwenye kuba, ndipo ulipo Ukuta wa Bustani: vigae vidogo vya bluu, kijani na dhahabu vilivyopangwa vikawa miti, maji na ndege. Taa haziruhusiwi pale, zinaharibu rangi. Ukuta unategemea jua la asubuhi linaloingia kwa madirisha ya juu. Mgeni anatembezwa kwanza kwenye ushoroba mrefu wenye giza, hadi macho yamezoea giza, ndipo mlango mkubwa unafunguliwa. Hapo watu hutoa sauti. Wengine huvuta pumzi, wengine hutaja jina la Mungu wao, wengine hucheka. Nimesimama pembeni ya mlango ule miaka mingi, na bado sauti ile hunisisimua mwili.

Sasa fikirini jambo ambalo sisi wenyewe hatukulifikiria. Dada Mkubwa ameingiza watu kwa mlango ule maisha yake yote ya kazi, na kila mara ameingia kwa mgongo. Wageni wanauona ukuta, yeye anawaona wageni. Bila shaka ameusogelea, ameusimulia kigae kwa kigae, ameupangusa vumbi. Lakini sisi wafanyakazi tunaingia kwa mlango mdogo wa ubavuni, ambao unakutokeza chini ya ukuta wenyewe, na ukiwa chini yake huoni bustani, unaona vigae. Ile raha ya kutoka gizani na kufunguliwa mlango, yeye hajawahi kuipata. Zamani sana, wakati wa chai, alitutangazia kwamba anaiweka akiba. Siku yake ya mwisho kazini angeingia pamoja na wageni, uso mbele. Shemeji fundi saa naye alijiwekea ahadi kama hiyo. Hajawahi kukanyaga jumba hili. Kila akialikwa alisema atakuja mkewe akistaafu, haraka ya nini. Tulicheka, tukaendelea na chai.

Mwaka jana, mwishoni mwa mvua, nilimkuta Dada Mkubwa ofisini akiliamkia koti. Koti la Mkurugenzi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, naye alisimama mbele yake, akaliamkia kwa heshima, akaliuliza habari za nyumbani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye pia alicheka, lakini alichelewa kidogo kuanza, na kuchelewa kule sikukusahau siku nzima. Kuanzia hapo nikawa namchunguza. Akipita mlangoni aligusa fremu. Chai aliimimina kidole kikiwa ndani ya kikombe. Ukimjia kutoka pembeni alishtuka, ukimjia kwa mbele alikuita jina mara moja. Kwenye ziara, hata hivyo, hakuna aliyeweza kugundua chochote. Mtu anayetembea kinyumenyume hahitaji kuona anakokwenda.

Nilimbana siku moja kwenye benchi la uani, akaniambia. Ni presha ya macho. Imemla kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, hata yeye hakuitambua mapema. Alinieleza kwa lugha ya kazi yangu: anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Daktari alikuwa anampa dawa ya matone na kusema upasuaji utahitajika kuokoa kilichobaki.

Akaniomba nisimwambie mtu. Mwongozaji asiyeona sawasawa anarudishwa kwenye dirisha la tiketi siku hiyo hiyo, ndiyo kanuni, na yeye alikuwa amebakiza mwaka tu kuufikia mlango wake mkubwa. Ningekuwa mtu mwingine labda ningekubali. Lakini mimi ni mimi. Nilikuwa naota usiku wageni wanaporomoka kwenye ngazi za makaburi mmoja baada ya mwingine, na mimi nimeshika funguo zisizo na kazi. Nikamwambia aende kwa Mkurugenzi mwenyewe, asipokwenda nitakwenda mimi. Alininunia. Salamu yangu aliipokea kama mtu anayepokea bili. Wakati wote ule nilijiuliza kama nimempoteza rafiki kwa ajili ya kanuni.

Alikwenda. Mkurugenzi wetu, ambaye wengi mnamwogopa, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita na mimi. Uamuzi wake ulikuwa huu: Dada Mkubwa ataendelea na makundi madogo tu, na mshika funguo atakuwa naye kila hatua, na siku mshika funguo akisema basi, ni basi. Yaani alichukua wasiwasi wangu wote akaupa cheo. Nilitoka ofisini nikiwa sijui kama nimepongezwa au nimeadhibiwa.

Kuanzia siku hiyo tukawa na utaratibu wetu. Mimi natangulia, nasimama kwenye kila kizingiti na kila mwanzo wa ngazi, natikisa funguo kidogo. Sauti ile inamwambia jiwe liko wapi. Yeye aliona ni upuuzi, maana hadithi ilikuwa inamtosha, na mara nyingine aliwaambia wageni wanisamehe, huyu mzee wetu ana kelele kama punda wa kubeba maji mwenye njuga. Lakini kuna siku mgeni alimkatiza kwa swali pale kwenye mafuriko, akajibu, akataka kurudia sentensi, na ikamponyoka. Nilimwona uso. Alisimama kwenye ngazi ile hajui yuko juu au chini. Nikatikisa funguo. Akageuza sikio kidogo, akashusha pumzi, maji yakaendelea kupanda. Baada ya hapo hakunitania tena kuhusu kelele.

Mwezi uliopita hospitali ilipanga upasuaji wake ufanyike Jumanne ijayo. Daktari hakumficha. Nia ni kulinda kilichobaki, lakini jicho lililochoka hivyo lina maamuzi yake, na kuna wanaoamka na kidogo kuliko walicholala nacho. Nilimfuata siku hiyo hiyo nikamsihi. Nilimwambia nitamfungulia mlango mkubwa jioni, wageni wakishaondoka, aingie uso mbele wakati bado anaona, tusiicheze bahati. Alikataa. "Mlango ule bila wageni ni mlango tu," aliniambia. Mkurugenzi akaisogeza ziara ya kuaga kutoka mwisho wa mwezi hadi Alhamisi, tukabaki tunaziangalia siku zikienda.

Jumatano sikulala. Nimekubaliana na mhariri kwamba sitaeleza ya usiku, kwa hiyo niseme tu kwamba alfajiri nilikuwa uani nikitazama mbingu, na mbingu ilikuwa na mawingu. Pasipo jua ukuta wetu ni kijivu kwa mtu mwenye macho mazima. Kwa mwenye tundu la ufunguo si kitu kabisa. Nilipangusa madirisha ya juu kwa ufagio mrefu, kana kwamba tatizo lilikuwa kioo.

Kundi lilikuwa la washonaji, akina mama wa chama kimoja cha ushirika, waliokuja na sare mpya na vicheko vyao. Nyuma yao akaja nesi, akiwa ameomba ruhusa kazini, na shemeji fundi saa, amevaa suti ya harusi ile ya binti yake, kofia mkononi. Dada Mkubwa aliwakaribisha, akaanza kurudi nyuma. Shemeji alikuwa anasikia habari za mtindo huu miaka yote lakini hakuwahi kuuona kwa macho. Kila mkewe alipokaribia kizingiti alinyosha mikono amdake. Washonaji wakavunjika mbavu. "Mzee," Dada Mkubwa akamwambia bila kukata mwendo, "mikono mfukoni." Akaitia mfukoni, lakini niliona suti inavyotikisika.

Nami sikuwa na nafuu. Nilitikisa funguo kwenye kila jiwe hadi mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Chumba cha vitabu tukapita. Ngazi za makaburi tukashuka, tukapanda. Dada Mkubwa hakukosea neno. Kila tulipopita kwenye dirisha nilitazama nje, na kila dirisha lilinijibu vilevile, wingu.

Ushorobani aliwaongoza kwa sauti ya chini, kama kawaida, hadi sentensi yake ya mwisho ikaisha na kisigino kikagusa mlango mkubwa. Siku zote hapo ndipo mimi hufungua, naye huendelea kurudi nyuma kuingia ndani. Safari hii alisimama. Halafu akageuka. Katika miaka yote hiyo sikuwa nimeuona mgongo wake akiwa na wageni, na niliona blauzi yake ilivyolowa jasho. Kumbe na yeye alikuwa na hofu, tena labda kuliko mimi.

"Hapa leo sina maelezo," aliwaambia washonaji, uso ukiwa kwenye mbao za mlango. "Leo naingia na nyinyi. Bwana Wasiwasi, fungua."

Niliingiza ufunguo. Shemeji akaja akamshika mkewe mkono. Nikafungua.

Ukumbi ulikuwa wa kijivu. Dada Mkubwa alisimama kizingitini, akageuza kichwa huku na huku, taratibu, kama anavyofanya mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo mbona kuna giza. Shemeji akamwambia ni wingu. Hakuna aliyesogea. Wale akina mama waliokuwa wanacheka asubuhi nzima walisimama nyuma yake, na ingawa walikuwa wamesafiri mbali kuja kuuona ukuta ule, hakuna hata mmoja aliyenyosha shingo kuchungulia kabla yake. Sijui nani aliwaambia. Nafikiri waliuona mgongo wake kama nilivyouona mimi. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi niliyakumbuka mambo yote niliyowahi kuyaogopa hapa, moto, wezi, mafuriko, ngazi, na nikaona hakuna hata moja lililonitisha kama wingu lile. Nilikuwa naona wazi jinsi itakavyokuwa: tutasimama, tutachoka kusimama, mtu atakohoa, na Dada Mkubwa atageuka aendelee na kazi kana kwamba si kitu.

Kisha jua likatoka. Halikutoka lote, lilipata upenyo tu, likaingia kwa madirisha ya juu na kutua kwenye ukuta. Miti ikawaka. Nilingoja ile sauti, nikisikiliza atatoa ipi.

"Kumbe," alisema Dada Mkubwa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta, kichwa kikisogea kidogo kidogo, dhahabu, kisha maji, kisha ndege, kwa kuwa jicho lake lina nafasi ya kitu kimoja kimoja. Halafu nikaona kichwa kinaendelea kugeuka, kinaacha ukuta, kinakwenda pembeni. Nikaogopa kwamba amepotea. Jua lenyewe lilikuwa linayumba, wingu lingine linakuja, na yeye anageukia upande usio na kitu. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba ukuta uko mbele, alikuwa anautazama sawa.

"Najua ulipo," akanijibu. "Nimeshauona. Sasa niache nimtazame huyu."

Alikuwa anamtazama mumewe. Shemeji hakuwa na habari. Alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kofia imemdondoka, na mwanga wa ule ukuta ulikuwa umemjaa usoni. Dada Mkubwa akakishika kidevu chake kidogo, akakiweka sawasawa katikati ya kile anachokiona, akamtazama hadi wingu lilipofunika. Hakurudi tena kwenye ukuta. Alijiwekea akiba miaka yote kwa ajili ya mlango ule, na alipoupata, nusu yake akaitumia kufanya kile alichokuwa akikifanya kila siku.

Baadaye alipangusa uso, akageuka kuwaelekea washonaji, na akamaliza ziara iliyobaki kinyumenyume, na maelezo yote. Hakuanguka. Aliyejikwaa siku hiyo ni mmoja tu, pale kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, na alikuwa na funguo kiunoni.

Maandishi haya nayakabidhi kwa mhariri leo Ijumaa. Yatakapotoka, Dada Mkubwa atakuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, nanyi mtakuwa mnajua nisichokijua sasa. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari za macho yake. Alisema niandike yote, nisimfanye malaika, na nisiisahau meza ya keki.

Dada Mkubwa, shemeji atakusomea hapa, kwa hiyo namwomba asome taratibu. Wenzako wote, kuanzia getini hadi ofisi ya Mkurugenzi, wanakushukuru. Umetufundisha kumtazama mgeni usoni, na umetuachia hadithi ambayo miguu yetu itaifuata siku zote. Tunakuombea mkono wa daktari uwe mwepesi, nyumba yako iwe na furaha, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na nzuri.

Ukiamka unaona, njoo asubuhi yenye jua, mlango mkubwa nitaufungua mwenyewe. Na ukiamka huoni, njoo vilevile. Nitatangulia mbele, na kwenye kila jiwe nitatikisa funguo.